Mama Mkwe, Povu na Pipa Langu la Gesi

Najua mmeshaisikia, kwa sababu mtaa mzima wa Saio hapa Bunia uliisikia kabla sijamaliza kunawa, lakini mmeisikia kwa midomo ya watu ambao hawakuwepo, na kila anayeisimulia anaongeza ndoo moja ya uchafu, kwa hiyo leo naisema mwenyewe ili yaishe: ndiyo, nilimkumbatia mama mkwe wangu kiunoni mbele ya mchungaji na wageni wote, na ndiyo, tulianguka chini wote wawili, na ndiyo, tulikuwa tumefunikwa na samadi ya ng'ombe inayonuka pombe. Mengine mliyosikia ni uongo. (Suruali haikunivuka. Ilichanika tu.)

Mimi ni mwalimu wa biolojia, na mwalimu wa biolojia akikaa sana na kitabu chake huanza kudhani kwamba viumbe vyote duniani vimesoma kitabu hicho hicho. Mke wangu Gracia alipokuwa na mimba ya Plamedi alikuwa akikohoa sana kwa moshi wa makala, yaani makaa ya kupikia, nami nikaapa kwamba mtoto wangu hatakulia kwenye moshi. Nikapata pipa kubwa la plastiki, nikalijaza samadi ya ng'ombe wa jirani na maji, nikalifunga mfuniko kwa mbao na kamba za mpira, nikatoa bomba jembamba hadi kwenye shambrea, ule mpira wa ndani wa gurudumu la lori, na kutoka kwenye shambrea hadi jikoni. Ndani ya pipa vijidudu wanakula na kutoa gesi, gesi inajaza shambrea, wewe unawasha jiko. Majirani walikuja kuangalia ule moto wa bluu, wakaanza kuniita Prof, na mimi (nisamehewe) nikaanza kuitika.

Sasa sikilizeni hili kidogo, kwa sababu bila hili hamtaelewa nilivyoumbuka. Vijidudu wa pipani si wa aina moja. Kuna wa kwanza, wenye fujo, wanaokula chochote unachowapa, na wanachoacha ni uchachu, kama siki. Halafu kuna wa pili, wapole, wa polepole, wanaokula ule uchachu na kutoa gesi inayowaka. Wakienda sambamba, raha. Lakini wa kwanza wakishiba kupita kiasi, uchachu unajaa, wa pili wanazidiwa, wanaacha kazi, na gesi inayotoka haiwaki hata umalize boksi zima la kiberiti. Kwa hiyo kazi yote ya mwenye pipa ni kujua awalishe lini na awalishe kiasi gani.

Mimi sikutaka kuamka kila siku nikiwaza tumbo la pipa. Nikatengeneza mkono, yaani ubao mrefu uliolala juu ya shambrea, na ncha yake nyingine nimeifunga kwenye robine, yaani koki, ya ndoo ya chakula chao, uji wa maganda ya ndizi na muhogo. Shambrea ikivimba, ubao unapanda na robine inafunga. Shambrea ikinywea, ubao unashuka, robine inafungua, chakula kinaingia. Chombo kinajipelekea habari chenyewe na kujirekebisha chenyewe, kama lile boya linalofunga maji tanki likijaa. Wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho niliwafundisha saa mbili nzima juu ya ubao ule, na kwenye mtihani nikawauliza swali lake. Na ili nisije nikadanganywa na ubao, nilikuwa na vikaratasi vya kupima uchachu, unachovya kimoja kila asubuhi, kikigeuka rangi ya chungwa unafunga ndoo na kuwaacha na njaa. Miezi minne hakuna kilichogeuka.

Ndipo simu ikalia kutoka Aru.

Alikuwa mama yake Gracia. Plamedi alikuwa na miezi miwili, na Jumapili ile tulikuwa tumpeleke kanisani kuombewa, halafu wageni waje kula nyumbani. Gracia aliweka simu kwa sauti, bahati mbaya.

"Gracia, banasema bwana yako iko anafuga mikrobe mu parselle ya nyumba."

"Mama, ni ya kupikia."

"Ya kupikia! Na mutoto mudogo atalala wapi? Minakuja kuona na macho yangu. Nikikuta mambo haiko muzuri, minarudia Aru na weye na mutoto, mpaka atakomaa mifupa."

Alikata. Gracia akanitazama, mimi nikamtazama Plamedi, ambaye alikuwa ameshika kidole changu kama anavyofanya. Mama yule si mtu wa maneno matupu. Binti yake mkubwa alimchukua hivyo hivyo kwa mumewe, akamrudisha mtoto akiwa tayari anakimbia.

Lazima niwaeleze pia adabu za ukoo ule. Kwao, mume wa binti na mama mkwe hawakai mahali pamoja, hawatazamani usoni, hawaongei. Akipita, unashusha macho na kumpisha njia. Kama ana neno kwako, anamwambia binti yake, binti anakuletea, hata kama nyote mko pande mbili za ukuta mmoja na umeshasikia nusu. Kumgusa, hilo halizungumzwi kabisa. Sisi kwetu hatuna ukali huo, lakini niliahidi siku ya ndoa kwamba nitaheshimu, na nikaheshimu, maana ilikuwa rahisi: yeye alikuwa Aru na mimi Bunia.

Akafika Alhamisi. Tukampa chumba chetu, sisi tukahamia sebuleni. Mimi nikawa mtu wa kuzunguka nyumba yangu mwenyewe kama mwizi wa kuku, nachungulia kona kabla ya kupita, nakohoa kabla ya kuingia. Naye, kama anayefanya makusudi, akaweka kigoda chake kati ya mlango wa jikoni na pipa, akakaa pale kutwa nzima anatwanga sombe, majani ya muhogo, na kulitazama lile pipa bila kupepesa. Yaani alikuja kulikagua.

Hapo ndipo nilipofanya jambo langu dogo. Nilitaka Jumapili kuwe na moto ambao mama mkwe hajawahi kuuona, masufuria yote yaive kwa gesi mbele ya macho yake, akose la kusema. Ubao wangu ulikuwa unawapa vijidudu kiasi, mimi nikataka zaidi ya kiasi. Na mnamjua yule mama wa nyuma ya soko anayepika pombe ya mahindi. Machicha yake ni matamu, yana nguvu, nikawaza, vijidudu watayafurahia. Ijumaa alasiri, mama mkwe akiwa amekwenda kuoga, mimi mwalimu wa Shule ya Jumapili nikatoka kwa mpika pombe na ndoo iliyofunikwa kitenge, kikwembe cha Gracia (dada wawili wa kwaya wakanisalimu njiani, nikaitikia kwa sauti kubwa kupita kawaida), nikaimimina yote pipani. Ndoo moja tu. Niliihesabu kama zawadi.

Jumamosi, ndugu zangu, ilikuwa siku yangu. Shambrea ilivimba hadi nikaogopa, ubao ukapanda juu kabisa, moto ukawaka. Nilikuwa nimesimama nyuma ya ukuta wa mbao wa jikoni, nikasikia mama mkwe anamwambia Gracia maneno mengi kwa sauti ya chini, halafu Gracia akaja kwangu.

"Mama anasema nini?"

Gracia akarekebisha kitambaa chake kichwani. "Anasema... anashukuru."

"Kwa dakika tano anashukuru?"

"Anashukuru sana. Na harufu, anasema ni ya mupya."

Nikajaa kifua. Harufu mpya! Hata alipokuja tena saa za jioni na kusema mama anauliza kama vijidudu huwa wanapumzika, niliona ni swali zuri la mtu anayependa sayansi, nikamtumia jibu refu ambalo nina hakika halikufika hata nusu.

Jumapili niliamka mapema nikaenda kuliangalia pipa kabla mama hajatoka chumbani. Shambrea ilikuwa imenywea, ubao umeshuka, ndoo ya chakula tupu. Mtu mwingine angejiuliza, wamekula ndoo nzima usiku, mbona gesi haipo? Mimi nikasema, maskini, tuliwafanyisha kazi sana jana, wana njaa. Nikawaza kupima uchachu. Lakini boksi la vikaratasi lilikuwa kwenye droo, droo iko chumbani, na chumbani amelala mama mkwe, ndiyo maana tangu alipofika sikuwa nimechovya hata kimoja. Nikamwamsha Gracia kwa kumgusa bega.

"Niletee vikaratasi vyangu."

"Niamushe mama, siku ya leo, juu ya karatasi?"

Nikaangalia ubao. Ubao haukuwa na wasiwasi. Nikajaza ndoo hadi juu, nikaenda kuvaa koti.

Kanisani yote yalikwenda vizuri, Plamedi hakulia, mama mkwe alikaa upande wake na mimi upande wangu. Yeye akatangulia nyumbani na akina mama wawili kuanza kupika. Nilipofika na mchungaji na wageni, watu kama thelathini, viti vikiwa vimepangwa uani, nikaona kitu kilichonipa baridi: mbele ya jiko langu la gesi limewekwa jiko la makala, ile mbabula, na makala yanawaka.

Nikamtuma Gracia akaulize. Akarudi. "Gesi haiwaki. Inapuliza upepo tu."

Mnaona? Wale wa kwanza walikuwa wamejilia machicha na uji hadi wakachachusha pipa zima, wale wapole wakazimia, gesi inayowaka ikaisha, shambrea ikanywea. Na ubao wangu, ule niliousifia kwa saa mbili darasani, ulijua neno moja tu: shambrea ikinywea, lisha. Wanavyozidi kuumwa ndivyo ulivyozidi kuwalisha. Nililielewa pale pale, nimesimama na soda mkononi, mchungaji akiniuliza kama kweli kinyesi kinaweza kupika wali. Nilichotakiwa kufanya ni kwenda hatua kumi na mbili na kufunga robine. Lakini katikati ya hatua zile alikuwa amekaa mama mkwe kwenye kigoda chake.

"Gracia, nenda ufunge ile robine."

"Ninanyonyesha."

"Mwambie mama asogee kidogo."

Akanitazama kama nimemwambia amtukane. "Mama yangu? Nimufukuze kwa kiti mbele ya wageni?"

Basi nikasimama. Nawaambia, nilisimama pale nikitabasamu kwa wageni na kuhesabu matone yanayoingia pipani. Halafu jiko likaanza kukohoa. Lilikohoa mara moja, mara mbili, kisha likatema povu la kahawia, povu zito lenye harufu ya samadi na pombe, likapanda kwenye tundu za jiko na kumwagika mezani, likaelekea kwenye sinia la samaki. Akina mama wakapiga kelele. Mchungaji akanusa, akanitazama, akanusa tena. Wale dada wawili wa kwaya wakatazamana.

Bomba likaziba kwa povu, na nikasikia sauti niliyoisubiri kwa hofu: mfuniko wa pipa unalia, ule mlio wa mbao zinazovutwa. Na mama mkwe, mwanamke asiyeogopa kitu, badala ya kukimbia akainuka, akafunga kikwembe vizuri, akalisogelea pipa na kuinama juu yake kusikiliza.

Sikufikiria adabu. Sikufikiria chochote. Nilikimbia, nikaruka mbabula (hapo ndipo suruali ilipochanika), nikamshika kiunoni na kumvuta kwa nguvu zote, mfuniko ukaruka juu ya paa la jikoni, na yaliyokuwemo yakatushukia tukiwa hewani. Tukaanguka mimi nikiwa chini na yeye juu yangu, mikono yangu bado imefungana tumboni mwake, kwa sababu ilikataa kufunguka. Mchungaji akasema "Amina", ingawa hakuna aliyekuwa ameomba.

Mikono ilipofunguka nilibaki nimelala, macho nimefumba. Nikawaza, sasa wamekwenda. Nikaliona gari la Aru, Gracia nyuma na mizigo, Plamedi kwa nguo yake nyeupe, na mimi kituoni nikinuka. Nikaanza kulia, msicheke, nililia kweli, na kwa sababu ya samadi hakuna aliyejua.

Mama mkwe akainuka. Akajifuta uso kwa kona ya kikwembe, akanigeuzia mgongo kama adabu inavyotaka, akamgeukia binti yake.

"Gracia. Tangu jana nilikuambia nini?"

Gracia akamfunika mtoto kifuani.

"Nilikuambia umwambie bwana yako: hii kitu inanuka siki, tumbo yake inauma, musimupe tena chakula. Jana asubuhi nilisema. Jana mangaribi nilisema. Leo nimeambia hata hawa bamama. Ulimwambia?"

"Nilimwambia... Nilimwambia unashukuru."

"Ninashukuru!"

"Mama, ni bwana yangu! Iko anapenda ile pipa sana. Na weye ulikuja kutafuta makosa. Ningepeleka maneno ya siki kwake, na yake kwako, leo mungekuwa munapigana kupitia mudomo yangu!"

Nilifumbua macho. Jamani, siku tatu! Siku tatu mimi sina karatasi ya kupima uchachu, na kumbe pua bora kuliko karatasi zangu zote ilikuwa imekaa mita moja kutoka kwenye pipa, inasema ukweli asubuhi na jioni, na ukweli unafika kwangu umepakwa sukari. Nilitengeneza ubao wa kupeleka habari, nikasahau kuuliza habari za nyumbani kwangu zinapelekwaje. Sikuwa na uso wa kumlaumu Gracia. Na mimi jana nilifurahia ile shukrani, sikuuliza mara ya pili.

Mama mkwe hakuwa amemaliza. Akaenda kwenye mbabula na jiko la kuni lililo nyuma ya nyumba, akakusanya majivu (majivu huua uchachu) kwenye karai, akayachekecha kwa mkono, akayatia pipani kidogo kidogo huku akikoroga kwa mti na kunusa. Akanusa, akatia. Akanusa, akaacha. Halafu akang'oa ubao wangu, akauegemeza ukutani.

"Mutoto akivimbiwa hapana mupa uji," akauambia ukuta. "Unamuacha alale njaa, unanusa mudomo yake, ikitengemaa unamupa kidogo. Hii na yo ni mutoto. Iko na mama muzuri?" Akapangusa ule mti kwenye ukingo wa pipa. "Haina."

Wageni walikula. Wali ulikuwa wa makala, samaki waliokolewa walikuwa wachache, na mimi nilikula nyuma ya nyumba, nimevaa bukuta, kaptula ya shemeji mmoja.

Kesi ya kumgusa iliamuliwa na wajomba wa Gracia kwa simu: mbuzi mmoja wa kuosha haya. Mbuzi nilitoa. Lakini jambo la safari halikusemwa, na mimi sikuthubutu kuuliza, hata kupitia kwa Gracia. Siku ya kwanza hakufunga mizigo. Ya pili hakufunga. Kila asubuhi alikwenda kunusa pipa, akisema neno, na Gracia (nilimwapisha kwa Biblia) akiniletea lilivyo: "Mama anasema bado." "Mama anasema bado, na anasema mwalimu mwenye akili hawezi kumwaga pombe kwa tumbo ya mutoto." "Mama anasema leo kijiko mbili, na anasema unatembea vibaya, nyoosha mgongo." Yote nilipokea. Mimi nikimjibu kwa vikaratasi vyangu, Gracia akimpelekea rangi, na kila mara pua na karatasi zilikubaliana, jambo lililomuudhi kidogo yeye na kunivunja moyo mimi.

Wiki tatu aliishi hivyo, na mimi wiki tatu nikakohoa kwenye kona za nyumba yangu. Asubuhi moja nikasikia jikoni mlio mdogo wa kiberiti, kisha sauti yake, si ya chini: "Eee!" Nikachungulia kupitia ufa wa mbao. Moto wa bluu. Alikuwa amembeba Plamedi mgongoni, amesimama anautazama, na hakuwa anakohoa, wala mtoto, wala Gracia.

Kesho yake akafunga mizigo. Nikamsindikiza kituoni kwa umbali wa adabu, hatua kumi nyuma, nikihesabu mifuko na kutafuta nguo za mtoto ndani yake. Gari la Aru likawaka. Gracia akabaki chini. Plamedi akabaki chini. Mama mkwe akapanda na kuketi dirishani, na juu ya mapaja yake, amelikumbatia kwa mikono miwili ili lisiyumbe, lilikuwa bidoni la lita tano la uchafu wa pipa langu, la kupanda mbegu ya pipa lake. Alikuja kuchukua binti na mjukuu, akaondoka na vijidudu.

Abiria mmoja akauliza harufu gani hiyo. Mama mkwe akajibu akiangalia mbele, kwa sauti ya kunifikia mimi kule nilikosimama, na hakupitia kwa mtu:

"Ni batoto ya mukwe yangu. Bako banalala njaa leo, ni muzuri."

Tangu siku ile sijamlisha kiumbe chochote bila kunusa kwanza, na ubao ule sijaurudisha. Na Gracia akiniambia kwamba mtu fulani anashukuru, namuomba anirudie maneno yote, toka mwanzo.